Mstari Mwekundu wa Mzee Dishon Okumu

Wazee wa ukoo mliosafiri kutoka Ahero, majirani wa Naro Moru, wanachama wa chama cha maji wa juu na wa chini, na nyote mliofika hapa leo Jumamosi tarehe 23 Agosti 2025, familia ya mzee Dishon Okumu inawaomba mketi, na walio nyuma ya mahema wasogee karibu, kwa kuwa historia hii ni ndefu kuliko ile iliyochapishwa kwenye karatasi mlizopewa langoni, na sehemu iliyoongezwa ndiyo ambayo mama Benter amesema lazima isikike kabla mumewe hajafunikwa udongo. Imeandikwa na kitinda mimba wake, Adhis, ambaye pia ndiye anayeisoma, na kila tarehe iliyomo imehakikishwa na mama pamoja na kaka.

Mzee Dishon alizaliwa tarehe 11 Mei 1953, katika kijiji kilicho kando ya mto Nyando, karibu na Ahero, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Okumu na mama Loice. Msimu huo mto ulivunja kingo ukaingia nyumbani, ikabidi mama yake akimbizwe kwa jirani aliyejenga kwenye kichuguu, akajifungulia huko, huku baba akiwa amekwama ng'ambo pamoja na ng'ombe wake, asimwone mwanawe hadi maji yalipopungua. Mzee alipenda kulisimulia hilo kila mgeni alipomuuliza ilikuwaje mtu wa ziwani akaja kufanya kazi ya maji mlimani. Alikuwa akisema, "Mimi nilijuana na maji kabla sijajuana na baba yangu."

Alianza shule ya msingi karibu na nyumbani mwaka wa 1961, akamaliza mwaka wa 1967, akaendelea na masomo ya sekondari mjini Kisumu kuanzia 1968 hadi 1971, akafundisha bila cheti kwa muda, kisha mwaka wa 1974 akajiunga na chuo cha mafunzo ya maji jijini Nairobi, alikohitimu mwaka wa 1976 akiwa fundi wa kupima mito. Februari 1977 aliajiriwa na serikali akatumwa Nyeri, mji ambao hakuwa ameuona, na barua aliyomwandikia mama yake wiki ya kwanza ilisema kwamba baridi ya huku inaingia hadi kwenye meno.

Kazi yake ilikuwa kuingia mitoni, tangu Endarasha hadi Naro Moru, akiwa na fimbo ya kupimia, kusimama maji yakiwa kiunoni, na kuandika mto umebeba kiasi gani. Dereva wa gari la ofisi alikuwa kijana wa hapa Naro Moru, Mutahi, na tangu mwezi wa kwanza wawili hao walikuwa hawaachani, wakilala hema moja huko juu msituni, wakipika kwa sufuria moja, wakitaniana mchana kutwa. Mutahi alikuwa akikaa ndani ya gari na kumpigia kelele, "Wewe si ni mtu wa ziwa? Ingia, unaogopa nini?" naye Dishon anajibu akitetemeka, "Ziwa letu lina joto. Hii yenu imetoka kwa friji." Wanawe wameusikia utani huo mara nyingi hata wakawa wanaumalizia wenyewe, na wakati huo ulikuwa wa kweli kabisa, kwa sababu barafu ya mlima ilionekana wazi kutoka barabarani asubuhi yoyote isiyo na mawingu. Miaka arobaini baadaye mzee aliwasimamisha watoto mahali pale pale, akawaonyesha kwa kidole vipande viwili vitatu vilivyobaki, akasema tu kwamba zamani hakuhitaji kuonyesha.

Tarehe 18 Desemba 1982, katika kanisa la Kianglikana mjini Nyeri, alimwoa Benter, mwalimu kutoka Homa Bay aliyekuwa amehamishiwa shule ya msingi hapa Naro Moru, na msimamizi wake wa harusi alikuwa Mutahi. Ni Mutahi huyo huyo aliyewatafutia shamba hili mnamo 1986, akasimama mbele ya wauzaji waliokuwa wakisitasita kumuuzia mtu wa kutoka mbali, akawaambia, "Huyu ni ndugu yangu, mkimkatalia yeye mmenikatalia mimi." Hawakumkatalia. Familia haijasahau siku hiyo, na inaitaja leo kwa sababu ni kweli, hata kama yaliyofuata nayo ni kweli.

Mungu aliwajalia watoto watatu. Wa kwanza, aliyezaliwa tarehe 3 Novemba 1984, aliitwa Maxwel Mutahi, jina la pili likiwa la rafiki wa baba, jambo lililowashangaza wazee wa Ahero, nao wakaelezwa kwamba huku mtu humpa mtoto wake jina la mtu anayetaka abaki naye. Wa pili, Loice, alizaliwa mwaka wa 1990 na akafariki kwa surua mwaka uliofuata, akazikwa hapa shambani chini ya ule mkuyu, na ndiyo sababu mzee aliomba azikwe Naro Moru badala ya Ahero, akisema hawezi kumwacha mtoto peke yake ugenini. Familia inawashukuru wazee wa ukoo kwa kulikubali hilo, ingawa liliwauma. Wa tatu, Adhis, alizaliwa tarehe 6 Juni 1998, na mzee alikuwa na wajukuu wanne.

Alistaafu Mei 2008. Mwaka uliofuata ukawa mwaka wa kiangazi kikali, mvua za Machi na Aprili zikapita bila kunyesha vya kutosha, mto unaopita nyuma ya shamba hili ukaisha kabla ya kufika kwa watu wa nyikani, na Julai wafugaji wakapanda na marungu kutafuta ni nani huko juu aliyeyameza maji yao. Katika mkutano ulioitwa ili watu wasiuane, mzee Dishon alichaguliwa mwenyekiti wa chama cha watumiaji maji, na Mutahi, ambaye naye alikuwa amerudi nyumbani kulima viazi na minji karibu na msitu, akachaguliwa makamu wake.

Alichofanya mzee kwanza hakikuwa hotuba. Agosti 2009 aliwaomba wanachama wote wafunge paipu zao za umwagiliaji, kuanzia msituni kushuka chini, yeye mwenyewe akifunga yake mbele yao, na kila paipu iliyofungwa ikauongezea mto maji kidogo, huku mtu mmoja akingojea mwisho kabisa wa mto. Mtu huyo alikuwa Muriithi, ambaye boma lake ndilo la mwisho kufikiwa na maji haya, na kazi yake ilikuwa kukaa kando ya mkondo mkavu na kupiga simu. Adhis alikuwa na miaka kumi na mmoja, na yeye na Maxwel walikuwa na mzee juu ya daraja la saruji lililo karibu na shamba hili simu ilipolia, sauti ya Muriithi ikasikika na kila aliyekuwepo, "Mzee, imefika! Wacha hapo hapo! Ng'ombe wanakunywa!" Mzee akawaambia wasimamishe kila kitu, akateremka mtoni na mkebe wa rangi nyekundu, na pale maji yalipogusa nguzo ya daraja akachora mstari, Mutahi akimshikilia mkanda asianguke.

Sheria ikawa nyepesi, hata mtoto angeielewa. Maji yakiwa juu ya mstari, kila mtu anamwagilia kwa zamu yake. Yakishuka chini ya mstari, paipu zote za shamba zinafungwa, wa juu kwanza, na maji yanabaki ya kunywa watu na mifugo hadi yatakapopanda tena, kwa kuwa chini ya mstari huo hayamfikii Muriithi na wenzake. Na kila mara mwenyekiti anafunga paipu yake hata kabla ya hao wa juu, kisha anapanda mlimani kuwaambia, "Mimi nimefunga, sasa ni ninyi."

Miaka ya kwanza mto ulishuka chini ya mstari kwa juma moja au mawili, mara nyingi mwezi wa pili, na watu walivumilia bila ugomvi. Lakini mvua zilizokuwa zikija Machi zikaanza kuja mwisho wa Aprili, au zikaja zote kwa siku chache zikabeba udongo na daraja la miti kisha zikatoweka, ukungu uliokuwa ukilowesha msitu asubuhi ukapungua, na kile kilichokuwa juma moja kikawa mwezi, kisha kikawa miezi. Katika kiangazi cha 2017, na tena 2021 na 2022, kulikuwa na misimu ambayo mstari ulikauka mchana kutwa kama mstari wowote uliochorwa ukutani, na kabeji za watu wa juu zikanyaukia shambani. Hasara yao ilikuwa ya kweli, na mzee hakuwahi kusema vinginevyo.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mikutanoni watu wa juu walisimama mmoja baada ya mwingine, Wambugu mwenye kioski cha mbolea akiwa mbele yao, wakasema, "Mwenyekiti, hiyo laini ni ya mto ya zamani. Mto imebadilika, na laini pia ibadilike." Ni hoja iliyosikika vizuri, na wengine waliosoma waliipigia makofi. Mzee alingoja makofi yaishe ndipo akajibu kwamba mto umebadilika kweli, lakini ng'ombe wa Muriithi hawajabadilika, bado wanakunywa kama zamani, na mstari haukuchorwa kuonyesha mto una maji kiasi gani, ulichorwa kuonyesha mtu wa mwisho anahitaji kiasi gani. Mutahi aliketi kando yake katika kila mkutano huo, na kila mara alimuunga mkono.

Novemba 2024 mzee aligunduliwa kuwa figo zake zimeshindwa, baada ya kuishi na kisukari kwa miaka mingi, na Januari 2025 alilazwa katika hospitali moja mjini Nyeri kwa majuma matano, akianza kusafishwa damu mara mbili kwa wiki. Mutahi alimtembelea karibu kila Jumapili, akimletea uji na machungwa, akimwombea kwa sauti hadi wagonjwa wa vitanda vya karibu wakaitikia amina. Huo ndio mwezi ambao mstari mwekundu ulikwanguliwa kwa brashi ya waya kutoka kwenye nguzo ya daraja, mwingine ukachorwa chini yake, umbali wa kutoka kiwiko hadi vidoleni, kwa rangi ile ile.

Watu wa juu waliambiwa, na watu wa chini wakaja kuambiwa pia, kwamba mwenyekiti amekubali akiwa kitandani. Paipu zilibaki wazi. Nyikani maji hayakufika tena, na wa kwanza kumletea mzee habari hizo, siku tatu baada ya kutoka hospitalini, alikuwa Muriithi, ambaye alisimama pale langoni akakataa kuingia, akakataa chai, kwanza hata kusalimu hakusalimu sawasawa. Alisema, "Mzee, tumekupigia kura mara nne. Kama ulikuwa umechoka na sisi, si ungetuambia tu?" Mzee hakuelewa anazungumza juu ya nini. Alichukua fimbo yake, akateremka hadi darajani, mwendo ambao daktari alikuwa amemkataza, na mama Benter aliyemfuata alimkuta ameshika ile nguzo, akipapasa kwa kidole gumba mahali rangi ilipokwanguliwa.

Mkutano ulifanyika Jumamosi tarehe 22 Februari 2025, katika uwanja wa kanisa, na wengi mlio hapa mlikuwepo. Mzee alisimama kwa shida akasema hakuwahi kuulizwa wala kukubali. Kisha akamgeukia makamu wake, akamwita kwa jina lake, akasema, "Mutahi, waambie." Mutahi alikuwa akitazama kofia yake magotini. Wengine wakamsemea, na mmoja wa upande wa nyuma, ambaye familia inamjua na haimtaji, akapaza sauti, "Ati yeye ndiye atatufundisha mto yetu? Mzee, huko kwenu si mko na ziwa mzima? Rudi huko!" Watu walicheka. Si wote, lakini walicheka, mbele ya mtu aliyekuwa ameishi hapa miaka arobaini na minane na kumzika mtoto wake hapa. Wa juu walimwona mzee anayekataa kuachia kiti, wa chini walimwona msaliti anayejitetea, na kura ilipopigwa pande zote mbili zilimwondoa kwa mikono iliyoinuliwa. Katika mambo yote, hilo ndilo pekee walilokubaliana mwaka huo.

Tangu siku hiyo hakuhudhuria mkutano tena, wala hakumsema vibaya Mutahi nyumbani, ingawa mama alimchokoza aseme. Jambo moja tu hakuliacha. Kovu la mstari wa zamani bado linaonekana kwenye saruji kwa anayejua pa kutazama, na kila maji yaliposhuka chini ya kovu hilo, mzee alifunga paipu yake. Nduma zake zikakauka, sukuma wiki ikakauka, na waliopita na pikipiki walimpungia mkono wakiulizana, "Huyu anamfungia nani?" Hakupanda tena mlimani kuwaambia wengine ni zamu yao, kwani hakuwa mwenyekiti. Alifunga, akarudi, akaketi.

Ugonjwa nao ulikuja na sheria yake. Mgonjwa wa figo hapimiwi chakula tu, hupimiwa hata maji ya kunywa, na daktari alimpa kikombe kidogo, asubuhi na jioni, hakuna zaidi. Mzee aliitii sheria hiyo kuliko mgonjwa yeyote waliyemjua wauguzi, hata siku za joto midomo yake ilipopasuka, na Maxwel alipomwonea huruma akamwongezea kidogo, alikirudisha kikombe mezani akasema, "Hapana. Na mimi nimefika kwenye mstari." Julai hali ikazidi kuwa mbaya, akalazwa tena tarehe 30, na Alhamisi tarehe 14 Agosti 2025, saa kumi na moja alasiri, akavuta pumzi ya mwisho, mkewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sabini na miwili.

Jumatatu iliyofuata, tarehe 18 Agosti, mzee Mutahi alikuja hapa nyumbani. Alitaka kuongoza kamati ya mazishi, na alitaka kuvuta paipu kutoka kwake hadi hapa ili waombolezaji wasikose maji. Mama alimwambia aketi kwanza. Aliketi, kisha akasema mbele ya mama, Maxwel na Adhis, "Mama Maxwel, mimi ndiye nilisema amekubali. Hakukubali. Hata sikumuuliza, nilijua atakataa." Akaeleza kwamba minji yake ilikuwa imebakisha majuma machache tu ivunwe. Akaomba hayo yasisemwe hadi baada ya mazishi. Mama alimjibu, "Tukizika kwanza, tutakuwa tumemzika na uongo wako." Mzee Mutahi yuko hapa, katika hema la pili, na alijua tangu siku hiyo kwamba haya yatasomwa. Familia haimfukuzi. Alimletea marehemu uji, na alimnyamazia, na yote mawili ni yake.

Maji ya paipu yake hayakupokelewa, kwa sababu leo mto uko chini ya mstari wa zamani na paipu ya boma hili imefungwa kama alivyoiacha mwenyewe. Chai mtakayokunywa na chakula mtakachokula vimepikwa kwa maji yaliyoletwa na mke wa Muriithi na majirani zake kwa mikokoteni ya punda, mitungi iliyochotwa katika kidimbwi chao cha mwisho, baada ya mama kuwapigia simu na kuwaeleza ukweli. Tafadhali msiyamwage.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo waliomhudumia kwa subira, wafanyakazi wenzake wa zamani wa ofisi ya maji waliokuja kutoka Nyeri na Nanyuki, walimu waliofundisha pamoja na mama Benter, kanisa, wazee wa Ahero, Junaid na jamaa zake wa Nyeri mjini waliotuazima mahema haya bila kutaka chochote, na majirani wote waliolala hapa nasi juma zima.

Lakini mmegundua kwamba Muriithi mwenyewe hayupo. Jumatano familia iliwaomba wanachama wote, kanisani na kwenye kundi la simu la chama, kwamba badala ya mashada ya maua kila mmoja afunge paipu yake kuanzia Alhamisi jioni hadi mazishi yaishe, kwa kuufuata mstari wa zamani. Kila mmoja alijibu kwamba sawa. Mwaka wa 2009 maji yalichukua usiku mmoja na nusu siku kufika chini. Muriithi aliomba asije kuzika, akasema nafasi yake ni ile ile ya wakati ule, kando ya mkondo na simu mkononi, ili mzee akiteremshwa kaburini awe ameambiwa kwamba maji yamefika.

Alipiga simu asubuhi hii. Alisema, "Mama, mchanga imelowa. Lakini maji haijatembea."

Basi kuna waliofunga, na familia inawashukuru kuliko inavyoweza kusema. Na kuna waliosema sawa wakaacha paipu wazi, nao wameketi hapa wamevaa nyeusi, na wanajijua. Hatuna mengine ya kuwaambia. Kaburi liko tayari, simu ya mama iko mkononi mwake, haijazimwa, na kutoka hapa hadi msituni, kwenye paipu zilizoachwa wazi, ni mwendo mfupi kwa pikipiki.

Nenda ukapumzike kwa amani, mzee Dishon. Wewe ulishafunga yako.